Forjaji yangu (ufundi wa kufua byuma mu gemu) inatambaa, ya kuzeni inakimbia, na visu ni bile bile. Shida iko wapi?

#1 HimbiGamer, Goma
Jambo bandugu. Niko nacheza Skyrim, ile gemu ya video ya panga na uchawi, nilianza upya na mutu mupya, nikasema hii mara nitatengeneza kila kintu mwenyewe, siokote tena panga ya maiti mu pango. Basi nafanya gisi watu wote banafanyaka, nanunua lingo (vipande vyenye kuyeyushwa tayari) za chuma kwa Adrianne, fundi wa mji wa Blancherive (Whiterun), nanunua ngozi, ngozi moja inatoa kamba ine, natengeneza visu bya chuma. Kisu kimoja lingo moja na kamba moja, bei kidogo. Mwanzo Forjaji ilipanda muzuri, sasa niko nivo 34 na inatambaa tu. Kuzeni yangu iko Bukavu, naye ni visu tu, anasema hajagusa kintu kingine, na kwake inapanda mbio mbio, amenipita na alianza nyuma yangu. Kila jioni ananipigia simu ya kunicheka. Sasa mi nauliza: kisu ni kile kile, gemu ni ile ile, juu ya nini kwake inapanda na kwangu inalala?

#2 Birere_Boy, Goma
Mizajur, ile marekebisho ya gemu. Jibu njo hilo, funga uzi.
Gemu ilitoka tarehe 11 mwezi wa 11 mwaka 2011, na pale mwanzo bei ya kintu haikuwa inahesabiwa mu Forjaji, njo maana dunia yote ilikimbilia visu bya chuma. Kisha 2012 ikakuja mizajur 1.5, tangu pale pointi zinafuata bei ya kile umetengeneza. Kisu cha chuma bei yake ni 10, sasa unataka kikulipe nini? Kuzeni yako iko na diski ya zamani yenye haijawahi kuona intaneti. Wewe uko na ile yenye ilirekebishwa.

#3 Kadutu243, Bukavu
@Birere_Boy usifunge bado. Mi nawaza kuzeni alichagua Orc, moja ya makabila ya mu gemu. Orc anazaliwa na Forjaji 10 juu ya wengine, hiyo kazi iko mu damu yao.

#4 MamaDawa_Ibanda, Bukavu
Kadutu hapana, si 10 ni 5. Ile 10 ya Orc inaenda ku kanzu nzito (mavazi ya byuma ya vita). Na 5 ya Forjaji Nord pia anayo na Redguard anayo, kwa hiyo Orc haana siri yoyote pale. Tena ile 5 ni ya kuanzia tu, haifanye upande mbio, ni kama umetangulia mulango mmoja kisha njia inakuwa sawa kwa wote.
HimbiGamer, niambie kwanza ulishika jiwe gani. Yale matatu ya kubariki mutu, njiani ukitoka Helgen, pale gemu inaanzia.

#5 HimbiGamer, Goma
Tantine nilishika la Mwizi, juu nachezaka kwa kujificha na upinde.
Na kwa jambo ya Birere, mi nacheza ku laptop, ile Special Edition.

#6 MamaDawa_Ibanda, Bukavu
Njo hapo basi. Forjaji iko upande wa Shujaa. Jiwe la Shujaa linakuongezea asilimia 20 ya mbio mu mambo yake yote, na Forjaji iko ndani. La Mwizi linasaidia alshimi (kutengeneza dawa), kanzu nyepesi, kufungua kufuli, kujificha, kuibia watu mufukoni, kwa forji halina kazi hata kidogo. Unapiga nyundo na jiwe la mwizi mu mwili, utalia kwa nani? Rudi pale ukalibadilishe, ni bure, ni mahali pale pale karibu na Riverwood.

#7 Nyundo_Kenya, Lubumbashi
Asilimia 20 haiwezi kufanya mutu aruke na mwingine atambae. Soma tena alichoandika. Anasema ANATAMBAA.
Mi nawaza ni macho tu. Kutoka 15 kwenda 16 ni pointi kidogo, kutoka 34 kwenda 35 ni mingi, kila nivo inadai zaidi ya ile ya nyuma. Kuzeni alikuwa chini, unamuona anapanda fuu fuu. Muache afike 50 utaona kama bado anacheka mu simu.

#8 Birere_Boy, Goma
Lakini amesema kuzeni AMEMUPITA. Kwa hiyo naye iko juu ya 34 na bado anakimbia. Soma tena wewe pia, yaya.

#9 Nyundo_Kenya, Lubumbashi
Haya, hapo umenikamata. Lakini mizajur yako pia bado haijathibitishwa. HimbiGamer, kuzeni anachezea nini?

#10 HimbiGamer, Goma
Nimemuuliza sasa hivi. PS4.

#11 Nyundo_Kenya, Lubumbashi
Hahahaha. @Birere_Boy, njoo uchukue jibu lako hapa.
Ku PS4 hii gemu haikuwepo kabla ya mwezi wa 10 mwaka 2016, ilipotoka Special Edition, na ile imezaliwa na mizajur zote ndani ya tumbo. Diski ya zamani kwa PS4 haiko. Ilikuwa PC, PS3 na Xbox 360, basi.

#12 Birere_Boy, Goma
Sawa, lakini PS4 inapokea mod (mabadiliko ya gemu yenye wachezaji banatengeneza), na mod inaweza kurudisha pointi za zamani. Dogo anaweza kuwa na mod na hajui, alipewa PS4 yenye imewekewa tayari na mutu mwingine.

#13 Kadutu243, Bukavu
"Ana mod na hajui." Wewe ungekuwa avoka mu tribinali ungefungisha mupaka mwenye kushitaki.

#14 Muzee_Ruashi, Lubumbashi
Jambo yenu vijana. Mi ni mutu mukubwa kidogo, nacheza usiku wakati batoto banalala, na nitasema ile hamutaki kusikia. Hii mambo ya kusimama mbele ya forji kutengeneza visu mia si kucheza, ni kazi ya kiwanda na haina mushahara. Nilifanya vile mara ya kwanza, nikafikisha Forjaji 100, nikavaa kanzu ya dragon, nikaenda ku ile jiwe ya kunolea na ku ile meza ya kanzu, nikaboresha kila kintu mupaka ikaandika "ya hadithi", na gemu ikafia pale pale. Kuna kikomo: ukivaa vipande vyote bine na ukafikisha 567 ya ulinzi, umefika asilimia 80 ya kupunguza kipigo, na hata ukiongeza haipite. Dragon ananirukia, mi nimesimama nasoma barua. Sasa raha iko wapi?
Tangu pale natengeneza tu kile nahitaji. Upanga wa stili, ngao moja, naenda. Forjaji inapanda polepole na mi napanda nayo. HimbiGamer, kutambaa kwako ni zawadi ila hujui.

#15 Kadutu243, Bukavu
Muzee, uko na roho ya kimya. Sisi wengine umeme inakuja saa nne usiku inaenda saa saba, hatuna muda ya kupanda polepole na Forjaji, ikifika 100 kabla izimike tunashukuru Mungu.

#16 HimbiGamer, Goma
Muzee nimekusikia, lakini swali yangu si kama ni muzuri, ni juu ya nini ananipita 😅

#17 MamaDawa_Ibanda, Bukavu
Ngoja, ngoja. HimbiGamer, uliingia kwa Companions, kile kikundi cha wapiganaji, pale Blancherive? Ulikunywa ile damu?

#18 HimbiGamer, Goma
Ndiyo nilikunywa, sasa niko mbwa mwitu. Inaingiana je na visu?

#19 MamaDawa_Ibanda, Bukavu
Inaingiana sana. Ukilala mu kitanda cha kukodi ao chako, unaamuka na nguvu, nivo zako zote zinapanda mbio zaidi kwa asilimia 10 kwa muda. Ukilala pahali pa bure unapata 5. Ukiwa umeoa na unalala nyumba moja na mwenzako, 15. Lakini mwenye damu ya mbwa mwitu hapati kitu, analala anaamuka kavu. Sasa hesabu: wewe huna jiwe la Shujaa, na huna faida ya usingizi. Kuzeni anaweza kuwa na byote bibili. Mi nilikaa na ile damu muda murefu bila kujua, nikawa nalipa kitanda cha hoteli bure kila usiku, nikifikiri ni ile kitanda yenye ni mubaya.

#20 Nyundo_Kenya, Lubumbashi
Hii ya Tantine iko na uzito kuliko ya Orc na ya mod. Lakini 20 na 15 bado ni 35, na mutu anayetambaa na mutu anayekimbia si 35. Mi nabaki na macho yangu.

#21 Kadutu243, Bukavu
Kuzeni ameoa? Mu gemu nasema.

#22 HimbiGamer, Goma
Anasema alioa Lydia, yule mulinzi wake wa mu gemu.

#23 Kadutu243, Bukavu
Kila mutu alioa Lydia. Yule dada amebebeshwa mizigo ya dunia yote na bado banamuoa.

#24 Birere_Boy, Goma
Na mahari hakuna, unavaa tu ile amuleti ya Mara (mukufu wa ndoa), unaongea na padri kule Riften, kesho yake harusi. Bukavu ungezungushwa mara tatu na familia juu ya ng'ombe.

#25 PolyLshi, Lubumbashi
Bandugu, mi nasoma metalurji hapa Lubumbashi, nimesoma uzi mupaka hapa na kuna jambo moja inanikera mu hii gemu tangu mwaka wa kwanza. Stili. Mu Skyrim unaweka jiwe moja la chuma na jiwe moja la korindo, inatoka stili. Korindo ni oksidi ya aluminiamu, ni mwamba mugumu sana, njo ile familia ya rubi na safiri, inatumika kusugulia. Haina kazi ya kufanya stili. Stili ni chuma na kaboni kidogo, chini ya asilimia 2 hivi, na ile kaboni inatokaka mu makaa. Pale mbele ya Adrianne makaa yako yanawaka mu forji, hatuyatumie!
Lakini kuna pahali bamepatia bila kujua. Ile kanzu ya kioo, ya kijani. Inatengenezwa na malakiti. Batu ba Lubumbashi banacheka hapa juu malakiti ni ile jiwe yetu ya kijani yenye mistari, ile banachonga tembo na makasha banauzia wageni. Ukiisafisha yenyewe peke, asilimia 57 hivi ni shaba. Ukiiweka mu moto mukali na makaa, unapata shaba nyekundu, haipatikane kioo.

#26 Muzee_Ruashi, Lubumbashi
Mwana, hapo umesema. Babu zetu balifanya ile mu tanuru za kichuguu, na bale batu ba Msiri, yule mufalme wa Bayeke, njo balianzisha, baliuza misalaba ya shaba mupaka pwani.

#27 PolyLshi, Lubumbashi
Muzee kwa heshima, si batu ba Msiri. Msiri alifika mu karne ya 19, Bayeke balikuta shaba tayari. Misalaba ya shaba imechimbuliwa mu makaburi ya bonde la Upemba, na yale makaburi yako na karne nyingi mbele ya Msiri. Basanga balikuwa mafundi ba shaba zamani. Msiri alishika biashara, hiyo ni kweli, alikuwa mukubwa kwa biashara.
Ile misalaba ilikuwa pesa. Baliiweka mupaka mu bendera ya Katanga, ile ya 1960, misalaba mitatu.

#28 Muzee_Ruashi, Lubumbashi
Sawa mwana. Aksanti. Lakini biashara kubwa, ni Msiri.

#29 Kadutu243, Bukavu
Nilikuja kusoma juu ya visu, niko mu mitihani ya historia.

#30 Birere_Boy, Goma
Na sie wa Goma tuseme nini? Mu gemu ebonite, ile madini nyeusi, banasemaka inafanana na kioo cha volkano. Kama ni vile, Nyiragongo ilipotoka 2002 na 2021 tungekuwa matajiri. Sie tulipata mawe meusi ya kujengea ukuta na choo.

#31 Ngongo_Panzi, Bukavu
Nimechelewa. @HimbiGamer swali moja: kuzeni akishamaliza kisu, anakiuza vile vile ao anakipeleka kwanza ku jiwe ya kunolea?
Juu watu wengi banasahau, kuboresha kintu pia inalipa pointi za Forjaji, si kutengeneza peke. Kisu kimoja kinapita mukono mara mbili: mara ya kwanza ku forji, mara ya pili ku jiwe ya kunolea na lingo ingine moja. Akikuambia "ni visu tu" hakudanganyi, ni visu tu kweli, lakini kila kisu ni kazi mbili.

#32 HimbiGamer, Goma
Eee. Hiyo sijamuuliza. Mi nauzaka vile vile.

#33 Nyundo_Kenya, Lubumbashi
Ile ya kunoa kisu cha chuma inalipa kidogo sana, juu inafuata bei vile vile na bei inapanda kidogo tu. Tena lingo inaisha mara mbili mbio. Kama ni chuma kile kile kinatoka mufukoni, sioni vile inaweza kumufanya akimbie.

#34 Ngongo_Panzi, Bukavu
Kidogo juu ya kidogo ni mingi, yaya. Weka na jiwe la Shujaa, weka na Lydia mu kitanda.

#35 Kadutu243, Bukavu
Ongea polepole, batoto banasoma hapa.

#36 Fumu_wa_Katuba, Lubumbashi
Nyote munazunguka. Analipa mwalimu. Eorlund, yule muzee wa forji ya juu kabisa pale Blancherive, ni mwalimu mukubwa wa Forjaji, unamupa pesa anakupandisha, mara tano kwa kila nivo ya mutu wako. Kule Riften Balimund naye anafundisha. Kuzeni anatengeneza visu mbele yako mu simu, ukikata simu anaenda kulipa Eorlund. Kisha anakuambia "visu tu". Mi niko na mudogo wangu wa namna hiyo hiyo, mu kila kintu, si gemu tu.

#37 HimbiGamer, Goma
Pesa ya kulipa Eorlund angetoa wapi? Visu bya chuma habiuzike bei.

#38 MamaDawa_Ibanda, Bukavu
Kwa dawa! Hapo sasa muko mu mutaa wangu. Mi sijawahi kukosa pesa mu hii gemu, na panga sijui kutengeneza. Unaua jitu moja, ao unakuta jitu limekufa, unachukua kidole cha muguu wake, unaweka na ngano, inatoka dawa ya kuongeza afya yenye bei inakamata mutu roho. Ngano inaota mu mashamba yote ya Blancherive, unavuna bure, mwenye shamba hasemi neno. Dawa moja ya vile inapita visu kadhaa bya HimbiGamer pamoja. Na alshimi nayo inapanda kwa bei ya dawa, kwa hiyo unatajirika na unapanda mara moja.
Mwanzo kabisa, kama hauna kitu, chumvi na kitunguu saumu. Biko mu kila jiko, mu mapipa, mu magunia. Ukichanganya inatoka dawa ya kufanya nguvu ya uchawi irudi mbio.

#39 Kadutu243, Bukavu
Chumvi na kitunguu saumu. Tantine ongeza sombe na mafuta ya ngazi, tukuje na bugali.

#40 MamaDawa_Ibanda, Bukavu
Ukuje na kidole cha jitu, sahani iko.

#41 Fumu_wa_Katuba, Lubumbashi
Basi njo hivyo! Kuzeni iko na pesa ya dawa, analipa Eorlund. Nimeshinda.

#42 Birere_Boy, Goma
Haushinde kitu. Wewe ulileta mwalimu, Tantine alileta pesa, hakuna mwenye alileta kuzeni. Inaweza vile vile kuwa mod.

#43 Nyundo_Kenya, Lubumbashi
Mod tena 🤦

#44 PolyLshi, Lubumbashi
HimbiGamer, acha kuzeni na siri yake, wewe unataka kupanda ao unataka kujua? Kama ni kupanda, kuna njia mbili zinashinda visu, na zote zinafuata ile aliyosema Birere kwamba pointi zinafuata bei. Hapo Birere hakukosea, alikosea diski tu.
Ya kwanza, dhahabu. Kaskazini ya Blancherive kuna kambi ya majambazi ndani ya mugodi wa chuma, ndani kuna kitabu cha uchawi wa kugeuza madini. Unasoma, unashika jiwe la chuma mu mufuko, unapiga uchawi, linakuwa feza, unapiga tena linakuwa dhahabu. Jiwe moja kila mara, kwa hiyo utasubiri nguvu zirudi, lakini uchawi wenyewe nao unapanda pale pale. Mawe mawili ya dhahabu yanatoa lingo moja, lingo moja inatoa pete mbili. Pete moja bei 75, kisu bei 10. Ona mwenyewe.
Ya pili ni upinde wa Dwemer, bale batu ba zamani ba mu gemu. Lingo mbili za Dwemer na lingo moja ya chuma, bei 270. Inaomba Forjaji 30 na ile pointi ya Dwemer, na wewe uko 34, kwa hiyo umeshafika.

#45 Muzee_Ruashi, Lubumbashi
Kugeuza chuma kuwa dhahabu. Huku Katanga watu banauziwa ile kila mwezi ku simu, na haijawahi kugeuka.

#46 HimbiGamer, Goma
😂😂 Muzee.
@PolyLshi upinde unanipendeza juu nachezaka na upinde. Lakini nilienda mu pango moja ya Dwemer, nikabeba byuma byao byote, nikashindwa kukimbia, nikatembea polepole kutoka pale mupaka Blancherive, buibui akinifuata. Kufika nikayeyusha, ikatoka lingo chache. Nikaona ni bongo ya watu ba video.

#47 Ngongo_Panzi, Bukavu
Ulibeba nini hasa? Kuna byuma bya uzito na kuna byuma bya faida.

#48 HimbiGamer, Goma
Ile minene, kama nguzo. Na zile gia. Na sahani, bakuli, byote.

#49 Ngongo_Panzi, Bukavu
Aaa ndugu yangu. Gia, sahani, bakuli, sufuria, hakuna hata moja inayeyuka. Ulibebea Adrianne vyombo vya jikoni. Na ile nguzo nene ya mapambo uzito wake ni 15 inatoa lingo mbili, ile ingine 20 inatoa tatu. Lakini kile kipande kimekunjika, kidogo, chenye unaona kama takataka, kiko na uzito 2 na kinatoa lingo tatu. Vile vile byuma bya bapa, kidogo na kikubwa, 2 kwa tatu. Hivyo njo vya kubeba, ujaze mufuko navyo. Ile tofali nzito ya 25 inatoa tano, hiyo uibebeshe Lydia kama unaye.

#50 Kadutu243, Bukavu
Lydia iko Bukavu na kuzeni, ana mimba ya mizigo yake. HimbiGamer atabeba peke.

#51 HimbiGamer, Goma
Byuma byembamba, byenye kukunjika. Nimeandika. Na jiwe nitabadilisha leo, ile damu nitaangalia ginsi ya kuiondoa kisha. Kuzeni nimemutumia uzi huu, amesoma yote, amejibu neno moja: "mutatafuta."

#52 Fumu_wa_Katuba, Lubumbashi
"Mutatafuta" ni Eorlund. Nasaini.

#53 Birere_Boy, Goma
Mod.

#54 MamaDawa_Ibanda, Bukavu
Kitanda.

#55 Ngongo_Panzi, Bukavu
HimbiGamer kabla haujaenda: pango za Dwemer, mara nyingi mwishoni kabisa kunasimamaka roboti moja kubwa inatoa mvuke ya moto kinywani, inaonekana kama imelala mu ukuta. Haijalala. Jaza mufuko na byuma byembamba mu vyumba vya mbele, rudi nazo nje uziache mu pipa lako nyumbani, usiziache mu mapipa ya pango juu byenye kuwa ndani vinapoteaka baada ya siku. Kisha urudie roboti na mishale ya kutosha, maana upinde wako wa sasa hautaitosha.